Vijana Waliosoma na Watoto: Karagwe na Kyerwa tangu 1968

Kusoma na mtoto mdogo, silabi kwa silabi hadi hadithi ieleweke, ni kazi ambayo huko Karagwe na Kyerwa imebebwa kwa sehemu kubwa na vijana waliomtangulia mtoto hatua chache tu. Zama moja alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Nyingine alikuwa aliyemaliza kidato cha nne. Na tangu vyuo vikuu vilipoongezeka nchini, yuko pia mwanachuo aliyerudi likizo na mhitimu wa ualimu anayesubiri ajira. Utumishi huu haukuwahi kuwa na jengo lake wala bodi ya wadhamini. Hata hivyo ni taasisi kwa maana kamili: una desturi, una mbinu zilizorithiwa, na kila kizazi cha vijana hao kimefanya kazi juu ya kile kilichoachwa na kizazi kilichopita.

Wilaya hizo mbili ziko kaskazini-magharibi mwa Mkoa wa Kagera, zikipakana na Rwanda na Uganda kupitia Mto Kagera. Hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, Karagwe, yenye makao yake Kayanga. Mwaka huo upande wa Nkwenda, Kaisho, Isingiro na Murongo ukawa Wilaya ya Kyerwa, ukapata halmashauri yake na idara yake ya elimu. Wenyeji wengi ni Wanyambo, na lugha ya nyumbani ni Kinyambo. Jambo hili ni la msingi kwa kila kinachofuata. Mtoto wa Kinyambo anayeingia darasa la kwanza ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kujifunza alama za maandishi na kujifunza Kiswahili, lugha ya maandishi hayo.

Kwa bahati njema lugha hizo mbili ni ndugu. Zote hufunga silabi kwa irabu, kwa hiyo mpangilio wa ba, be, bi, bo, bu humkaa mtoto wa Kinyambo bila taabu. Taabu huanzia kwingine. Sauti za dh, th na gh ni ngeni kwake. R na l humchanganya katika kusoma na zaidi katika kuandika. Na nomino alizozoea kuzianza kwa irabu, kama omuntu na abantu, anazikuta katika Kiswahili zimevuliwa irabu hiyo. Mara nyingi mtoto huweza kutamka aya nzima bila kosa huku hajui imesema nini. Anayekaa naye akijua Kinyambo humweleza kwa maneno mawili, na hadithi inafunguka. Hapo ndipo kijana wa kijiji chenyewe anapomzidi mgeni yeyote mwenye shahada, na historia nzima ya utumishi huu inathibitisha hivyo.

Karagwe ilikuwa dola kabla ya kuwa wilaya. Ikulu ya Bweranyange, ambako Mukama Rumanyika aliwapokea wasafiri Waingereza Speke na Grant mwaka 1861, ilihifadhi historia yake kwa masimulizi na kwa vyombo vya kifalme. Maandishi yalikuja na wamisionari, na shule za kwanza zilikuwa za makanisa. Makatekista walifundisha watoto na watu wazima pamoja, kwa vitabu vya dini, wakiwa na elimu ya miaka michache. Shule zilikuwa chache na mbali, na watoto wengi hawakuzifikia.

Sura ya kwanza inayoweza kuitwa ya kujitolea kwa mpango ilifunguliwa mwaka 1968. Mwaka huo Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa UNESCO, ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, jina la Kagera wakati huo. Makao ya mradi yalikuwa Mwanza. Wazo lake lilikuwa kwamba mtu mzima atajifunza kusoma haraka zaidi ikiwa kitabu kinazungumzia kazi anayoifanya kila siku, kwa hiyo vitabu vya kisomo viliandikwa juu ya pamba, uvuvi, ufugaji na, kwa watu wa migomba kama wa Ziwa Magharibi, juu ya kilimo cha ndizi. Mwaka 1970 Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada yake yaliyokuwa majaribio ya mikoa minne yakawa kampeni ya nchi nzima.

Madarasa hayo, ambayo watu waliyaita ya ngumbaru, yasingesimama kwa walimu walioajiriwa peke yao. Yalisimama kwa walimu wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza shule ya msingi, waliopata mafunzo mafupi na posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Matokeo yalikuwa makubwa. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawajui kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulikuta asilimia 39, na ule wa 1986 asilimia 9.6. Waliojua kusoma hawakuachwa mikono mitupu: kuanzia mwaka 1974 wasomaji wapya wa Kanda ya Ziwa walikuwa na gazeti lao la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililochapishwa kwa herufi kubwa na lugha nyepesi.

Kampeni hiyo iliwalenga wazazi, lakini faida yake iliwafikia watoto. Mama aliyejua kusoma aliweza kufungua daftari la mwanawe na kuona kama kazi imefanyika. Vilevile vijana waliokwisha kuwafundisha wakubwa walijifunza jambo moja ambalo darasa la shule lilikuwa halijalizingatia: kwamba kila msomaji yuko mahali pake, na anapaswa kuanzia hapo alipo.

Chuo kikuu kilishiriki katika sura hii kupitia mlango wa pembeni. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyochangia maandalizi ya walimu na vitabu vya kampeni, ilianza mwaka 1960 kama tawi la Makerere, ikawa sehemu ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1975 ikapewa sheria yake na kujitegemea. Wanachuo wenyewe walikuwa wachache mno kuweza kufika kila wilaya.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ikikutana Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977, mpango uliojulikana kwa kifupi cha Kiingereza, UPE. Lengo la awali lilikuwa mwaka 1989. Kufupisha miaka 15 kuwa mitatu kulimaanisha kwamba hapakuwa na njia ya kuwapeleka walimu vyuoni kwanza. Wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi kukaribia milioni 3 mwaka 1978, na mtu wa kusimama mbele yao alipaswa kupatikana kijijini hapo hapo.

Utaratibu uliobuniwa ulikuwa wa kijasiri. Vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa, wakabaki vijijini, na wakaanza kufundisha mara moja. Saa chache za siku walikuwa na watoto wa madarasa ya chini. Saa zilizobaki walikuwa wanafunzi wenyewe, wakisoma masomo kwa njia ya posta, wakisikiliza vipindi vya redio, na wakisimamiwa na mwalimu mzoefu wa shule jirani na mratibu wa elimu wa kata. Mwaka wa tatu walikwenda chuo cha ualimu kwa wiki sita, kisha mtihani. Nchini kote zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hii. Wanakijiji nao walijenga madarasa kwa nguvu zao, na pale ukuta ulipochelewa, darasa lilikaa chini ya mti.

Jina la mwalimu wa UPE lilikuja kutumiwa kwa dharau, na dharau hiyo haikuwa ya haki. Ni kweli kwamba mafunzo yalikuwa mafupi, na kwamba kijana mmoja aliwekewa watoto wengi kupita uwezo wa mtu yeyote. Ni kweli pia kwamba katika mazingira hayo ilizuka tabia ambayo haijatoweka hadi leo: darasa zima kuimba ukurasa kwa pamoja baada ya mwalimu, hata mtoto asiyejua herufi moja akaonekana anasoma. Lakini bila vijana hao, vizazi vya watoto wa Murongo na Nyaishozi wasingekaa darasani kabisa. Walikuwa na umri wa kaka na dada wa wanafunzi wao, walizungumza nao Kinyambo nje ya darasa, waliwajua wazazi kwa majina. Kosa lilikuwa kuwapa jukumu la shule nzima badala ya kundi dogo la watoto na vitabu vya kutosha.

Vitabu, hasa, ndivyo vilivyokosekana. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, na vita vilivyofuata pamoja na uchumi kuyumba viliacha serikali bila fedha za kuchapisha wala kusafirisha. Baada ya vita mkoa ukapewa jina la mto, Kagera. Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa ya kupungukiwa: kitabu kimoja kwa wanafunzi wengi, michango ya wazazi iliyorejea, watoto walioacha shule. Mwaka 1994 Karagwe ilipokea pia wakimbizi kutoka Rwanda, na huduma za wilaya zikaelemewa.

Mawili yaliyofanyika katika miaka hiyo ya shida yanastahili kukumbukwa. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mradi ulinunua sehemu ya nakala za kila kitabu cha watoto kilichochapishwa chini yake kwa Kiswahili na kuzigawa kwa maktaba na shule za vijijini, hivyo mchapishaji akathubutu kuchapa na mtoto akapata hadithi yenye picha. Baadaye ukaeneza pia mahema ya kusomea, ambapo watoto husoma kwa kujifurahisha bila mtihani. La pili ni MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ulioanza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya chache, mojawapo ikiwa Ngara, jirani ya Karagwe kwa upande wa kusini. Humo wawezeshaji kutoka jamii walifundisha sambamba na walimu wa shule, na watoto wakubwa walirudishwa katika mfumo rasmi.

Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na chini ya MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, madarasa yalijengwa kwa wingi. Wakati huohuo elimu ya juu ilikuwa inapanuka kwa kasi. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilikuwa kimeanza Mwanza mwaka 1998. Vyuo vishiriki vya ualimu vya Dar es Salaam na Mkwawa vilianza mwaka 2005. Chuo Kikuu cha Dodoma kikafuata mwaka 2007. Bodi ya Mikopo iliwawezesha watoto wa wakulima wa kahawa na maharage kufika huko. Kwa mara ya kwanza ikawa jambo la kawaida kijiji cha Karagwe kuwa na wanachuo kadhaa, wengi wao wakisomea ualimu, wanaorudi nyumbani kwa miezi miwili au mitatu kila mwaka.

Kilichowapa vijana hawa kazi mahususi ya kufanya ni kipimo kilichotoka mbali. Nchini India, shirika la Pratham, lililoanza Mumbai katikati ya miaka ya 1990, lilizindua mwaka 2005 upimaji wa kitaifa uitwao ASER: watu wa kujitolea, wengi wao wanafunzi wa vyuo, walikwenda nyumba kwa nyumba na karatasi moja, wakamwomba kila mtoto asome. Mwaka 2009 wazo hilo lilifika Afrika Mashariki kwa jina la Uwezo, na mwaka 2010 upimaji wa kwanza wa Tanzania ukafanyika katika wilaya 38. Katika kila wilaya vilichaguliwa vijiji au mitaa 30 na katika kila kimoja kaya 20, yaani kaya 600 kwa wilaya. Watu wawili wa kujitolea wanaoishi hapo ndio waliofanya kazi. Mwaka uliofuata upimaji ulienea karibu wilaya zote za Tanzania Bara.

Ubora wa Uwezo ulikuwa katika urahisi wa zana yake. Mtoto wa miaka 7 hadi 16 alipewa silabi, akizimudu, maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Alipokwamia ndipo ngazi yake. Upimaji ulifanyika nyumbani, mzazi akiona, na majibu yalitolewa papo hapo. Kwa wazazi wengi ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtoto wao akisoma peke yake, bila sauti ya wenzake kumbeba. Ripoti iliyouliza kama watoto wanajifunza iliishtua nchi: mwaka 2010, kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni watatu hivi tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili, na miongoni mwa wa darasa la saba mmoja kati ya watano alishindwa.

Yapo malalamiko kwamba kipimo hiki kiliwaaibisha walimu. Kwa kweli kilizishtua zaidi ofisi za juu, na hilo lilileta mabadiliko. Mwaka 2013 elimu iliwekwa katika mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa. Walimu wa madarasa ya kwanza wakapewa mafunzo mapya. Na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaandikwa upya ili asilimia 80 ya muda iwe ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zile KKK zinazotajwa leo katika kila kikao cha wazazi. Mwaka 2016 elimu bila ada wala michango ya lazima ilianza kutekelezwa, na madarasa ya kwanza yakajaa kupita kiasi. Mwalimu aliyekuwa na mtaala mzuri wa kumfuatilia kila mtoto akajikuta na watoto wengi asioweza kuwasikiliza mmoja mmoja hata kwa wiki nzima. Hapo kijana wa kujitolea akarudi kuhitajika, safari hii kwa kazi iliyo ndogo na yenye mipaka: kusikiliza.

Uzoefu wa India uliweka wazi pia pale utumishi huu unapokwama. Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, watafiti walifuatilia kambi za kusoma zilizoendeshwa na vijana wa vijijini waliopata mafunzo ya siku chache. Watoto waliohudhuria walisonga mbele kwa kiwango cha kutia moyo sana, hata wale ambao hawakujua chochote. Lakini waliohudhuria walikuwa wachache, kwa sababu kambi ziliendeshwa nje ya saa za shule na bila kushikamana na shule. Hali ya Karagwe na Kyerwa inalifanya funzo hilo kuwa zito. Mavuno ya kahawa huanza karibu na mwezi Mei na kuendelea kwa miezi kadhaa, na mtoto mwenye mikono miwili huhesabiwa shambani. Darasa la kusoma la jioni au la Jumamosi, kama halina baraka ya mwalimu mkuu na serikali ya kijiji, huwapata watoto wale wale ambao wangesoma hata hivyo.

Kalenda, hata hivyo, iko upande wa wanachuo. Vyuo vikuu hufunga mwaka wa masomo karibu na Julai na kufungua Oktoba au Novemba, ilhali muhula wa pili wa shule za msingi huanza Julai na kumalizika Desemba. Mwanachuo yuko nyumbani wakati mtoto yuko darasani. Njia inayofuatwa ni fupi: barua ya serikali ya kijiji, kuonana na mwalimu mkuu, taarifa kwa afisa elimu kata. Mwalimu wa darasa hubaki mwenye darasa. Kijana hupewa watoto watano au sita wa ngazi moja, hata kama wanatoka madarasa tofauti, na kukaa nao mahali panapoonekana na kila mtu, uwanjani au barazani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasisitiza ulinzi wa watoto, na kuonekana ni ulinzi wa mtoto na wa kijana mwenyewe.

Kipindi chenyewe hakihitaji vifaa vya gharama. Kila mtoto husikilizwa peke yake kwa dakika chache huku wengine wakiunganisha kadi za silabi zilizokatwa kutoka katika maboksi. Aliye kwenye silabi hubaki kwenye silabi hadi azitambue zikiwa zimechanganywa, kwa maana mpangilio wa ba, be, bi hukaririwa kirahisi na kumdanganya mwalimu. Aliye kwenye maneno hupewa maneno ya vitu anavyovijua: ndizi, mbuzi, jembe, kisima. Aliye kwenye aya huulizwa kilichotokea, na akikwama huruhusiwa kujibu kwa Kinyambo kwanza. Baadhi ya shule zimekuwa zikiogopa hatua hiyo, zikidhani inamchelewesha mtoto kujua Kiswahili. Hofu hiyo haina msingi: mtoto aliyeielewa hadithi kwa lugha yake huyashika maneno ya Kiswahili kwa sababu sasa yana mahali pa kukaa. R na l hushughulikiwa kwa jozi kama kura na kula, ambapo kosa la herufi moja hubadilisha maana.

Sambamba na wanachuo wako wahitimu wa ualimu ambao hawajaajiriwa, wanaojitolea mwaka mzima katika shule za wilaya zote mbili kama kwingineko nchini, mara nyingi kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi. Kazi yao ni tofauti na haipaswi kuchanganywa na ile ya likizo. Wao hushika vipindi kamili na kuziba pengo la ajira, na wanachostahili ni ajira. Mwanachuo wa likizo haombi nafasi hiyo wala hazibi pengo hilo.

Muda wake ni mfupi, kiasi cha wiki nane au kumi, na kwa hiyo kinachoamua kama ameacha kitu ni daftari. Kwa kila mtoto huandikwa ngazi aliyoanzia, ngazi aliyofikia, sauti zinazomshinda na siku alizokosa. Daftari hilo hukabidhiwa kwa mwalimu wa darasa kabla ya chuo kufunguliwa, na nakala hubaki kwa mwalimu mkuu. Pale lilipoachwa, mwalimu alijua Januari ni nani wa kuanza naye, na kijana wa likizo iliyofuata, hata akiwa mwingine kabisa, hakulazimika kuwapima watoto upya.